Shuka Juu ya Sola

Mtaani wanasema Kidevu amechanganyikiwa, eti anaongea na nguzo. Mtaa huu umesema mengi, na mimi nimeishi muda wa kutosha kuyaona mengi yake yakigeuka upuuzi. Nimefuma nguo na mtu huyo ukumbi mmoja, mashine zangu zikitazamana na zake, tangu nikiwa binti mpaka kiwanda kilipofungwa. Kama kuna wa kusema Kidevu ana nini, ni mimi, si wale wauza maneno wanaoshinda kwenye benchi la dukani.

Asiyewahi kuingia ukumbi wa kufuma hajui kelele ni nini. Mashine zilipangwa mistari kutoka ukuta hadi ukuta, zote zinagonga kwa pamoja, sakafu inatetemeka mpaka unaisikia magotini. Kupayuka mle ilikuwa kujichosha bure. Kwa hiyo tuliongea kwa midomo. Hakuna sauti inayotoka. Mdomo unafunguka vizuri, kila neno linapewa nafasi yake, na mkono unasaidia panapokuwa pagumu. Tuliita kusema kimya. Mgeni alihangaika miezi ya mwanzo, lakini akishaelewa alipata raha ambayo watu wa ofisini hawakuwa nayo: tuliweza kumsengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yetu, kalamu sikioni, naye anatabasamu kwa sababu anatuona tunatabasamu.

Kidevu alikuwa bingwa. Alifungua kinywa mpaka kidevu kikakaribia kifua, ndiyo maana tukampa jina hilo, na lile la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za mshahara. Angeweza kukusimulia mechi nzima kutoka upande wa pili wa ukumbi, na penalti ukaiona. Hata mke alimposa hivyo hivyo. Binti mwenyewe alikuwa mstari wa dirishani, sisi tuko katikati, na Kidevu alipomuuliza kama atakubali kuolewa naye, mstari mzima uligeuka kumtazama binti atajibu nini. Nyuzi zilikatika kwenye mashine za watu siku ile, na msimamizi mpaka anaingia kaburini hakujua kwa nini.

Mashine zile zilitulipa mshahara, zikatutoza masikio. Langu moja limebaki na kazi kidogo. Yake yalikwenda yote mawili. Wakati ule haikumsumbua, maana hata nyumbani yeye na mkewe waliendelea kusema kimya, mezani, uani, kwenye foleni ya maji. Majirani walidhani wale wawili wamenuniana maisha yao yote, kumbe waliongea kuliko redio.

Kiwanda kilikufa polepole, ukumbi mmoja baada ya mwingine, na mashine zikauzwa vyuma chakavu. Wenye mali wakambakiza Kidevu awe mlinzi, wakampa chumba pale getini, na kwa muda palikuwa na nafuu kwa sababu mkewe alikuwa naye. Halafu mkewe akaugua, akafa. Wafumaji wenzetu wengine walishatangulia, wengine walichukuliwa na watoto wao huko na huko. Mimi nilichukuliwa na mwanangu, ng'ambo ya pili ya mji, kwa sababu magoti yangu yalishagoma kupanda ngazi na kupanda basi.

Binti yake Kidevu anaishi mbali sana. Ni mtoto mzuri, sina la kumlaumu; alimnunulia baba yake simu ya kuonana kwa picha. Lakini mtoto hakulelewa ukumbini. Anaongea huku anatazama pembeni, mdomo nusu umefungwa, na picha yenyewe inagandaganda. Siku nilipokwenda kumpa Kidevu pole ya mkewe niliyaona haya kwa macho yangu. Baba anaitikia "ndiyo, ndiyo, mwanangu" kwa sauti ya kupasua ukuta, simu inakatika, na yeye anaendelea kuishika usoni kwa muda. Aliponiona namtazama akaiweka mezani, akaniambia kimya, "Anaendelea vizuri." Nikajua hakuambulia hata neno moja.

Ndipo likaja jambo la sola. Kampuni ya umeme wa jua ilitaka kwanza bonde la chini, kule wanakolima mboga. Watu wakakataa, na walifanya vizuri. Kikaitishwa kikao, mwanangu akanipeleka. Mwalimu mmoja mstaafu akasimama akasema, jamani, jua linaliangukia bonde na linaliangukia bati, na sisi tuna kiwanda kizima kimelala. Paa lake ni pana kuliko shamba la mtu yeyote hapa, uwanja wake ni zege tupu, halioti hata jani, na nyaya nene zilizokuwa zinalisha mashine bado zimening'inia pale bila kazi. Mboga za watu zina kosa gani? Watu wa kampuni wakanong'onezana, wakaenda kupima, wakaona ni kweli. Mimi niliupenda uamuzi ule na ninaupenda mpaka leo. Kuchukua ardhi mpya wakati ile uliyokwisha kuiharibu imekaa bure ni kama kuinjika chungu kipya huku kiporo kimejaa sufuria.

Kidevu alikaa mbele siku hiyo apate kuisoma midomo ya wasemaji, na alitoka pale amechangamka kuliko sisi wote. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mfumaji. Kwetu mashine haijiendeshi. Uzi unakatika, lazima liwepo jicho la kuuona na kidole cha kuuunga. Ukiona ukumbi mkubwa, unajua umejaa watu. Yeye alitazama michoro ya kampuni, akaona paa lote limefunikwa na uwanja wote umejaa mistari, akapiga hesabu ya watu watakaohitajika. Aliniambia pale mlangoni, "Watu watarudi, dada. Mistari yote hiyo, nani ataiangalia?" Nami nikamuunga mkono, maana sola niliyoijua mimi ilikuwa ile ndogo ya kuchajia simu.

Na kwa muda ikawa kweli. Mafundi walijaa pale wakipanda na kushuka, wakivuta nyaya, wakiangusha spana juu ya bati. Kidevu aliwachemshia chai kwa birika la kantini. Alikifagia chumba cha kubadilishia nguo, akayapaka rangi makabati ya wafanyakazi, akayaacha milango wazi yapate hewa. Mafundi walimpenda. Hawakumwelewa, lakini mtu akikupiga bega na kukupa chai huhitaji mkalimani. Siku ya kuwasha, wakubwa walikuja wakapigwa picha, na jioni taa za mji zikawaka kwa jua la kiwanda chetu, lililotunzwa kwenye betri. Kesho yake mafundi wakapakia vifaa vyao kwenye lori wakaondoka.

Kidevu aliamka asubuhi akafungua geti lote, pande zote mbili, kama siku za zamu, akasimama pembeni kupisha njia. Hakuja mtu. Siku iliyofuata akafungua tena, na iliyofuata, mpaka ikamwingia akilini kwamba zamu ni yeye peke yake.

Sola haina uzi wa kukatika. Inalala pale, inapigwa jua, inatoa umeme, basi. Anayeiangalia yuko mjini mbele ya kompyuta. Kukitokea hitilafu ndipo anatumwa fundi, na fundi huyo ni mtoto wa kaka yangu, msichana mwenye pikipiki na buti kubwa kuliko za baba yake. Mengi ya pale nimeyajua kupitia kwake.

Siku moja Kidevu alifua shuka lake, lile pana la kitanda cha watu wawili ambalo bado analilalia peke yake. Kamba ya kuanikia ilikuwa imekatika, na zile paneli za uwanjani zimeinama vizuri na zina joto, unaweza kudhani ziliwekwa kwa kazi hiyo. Akalitandaza. Kumbe paneli moja ikifunikwa, mstari mzima unalegea. Kule mjini alama nyekundu ikawaka, na mchana msichana wetu akafika na pikipiki yake, amejiandaa kukuta kioo kimepasuka, akakuta shuka. Alicheka mpaka akakaa chini. Kidevu akaleta chai. Akamwonyesha makabati, akamwonyesha picha ya marehemu, wakaongea kwa ishara mpaka jua likapoa.

"Shangazi," aliniambia siku hiyo, "yule babu alinishika mkono wakati wa kuniaga, akawa hataki kuuachia. Sikujua niufanyeje."

"Ungeuacha tu," nikamwambia. "Ulikuwa na haraka ya wapi?"

Haukupita muda mrefu, shuka likawa juu ya paneli tena. Kidevu hasikii, lakini si mjinga. Alishaelewa kwamba akitandaza shuka anakuja mtu. Msichana naye alielewa kwamba mzee ameelewa, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Alama ikiwaka anapanda pikipiki, anafika, analikunja shuka, anakunywa chai. Ofisini anasema paneli ilichafuka. Nilipenda uongo ule, na nilimwambia asiuache.

Lakini mkuu wake si mpumbavu. Paneli gani hiyo inayochafuka kila mara, na tena ile ile ya karibu na chumba cha mlinzi? Akaenda mwenyewe, akaliona shuka. Hakugomba, nasikia ni mtu mpole. Alibandika tangazo la maandishi makubwa kwamba ni marufuku kuanika kitu juu ya paneli, na katikati ya uwanja akasimamisha nguzo yenye kamera, ili wakitaka kujua kuna nini watazame bila kumtuma mtu. Msichana akahamishiwa kwenye paa la soko na maegesho ya magari, maana sasa wazo la mwalimu wetu limependwa na kila bati la mji linatafutwa.

Nilipoambiwa habari ya kamera nilikasirika hata chakula kikanishinda. Mtu anaomba mtu, mnampa kamera. Kidevu alilisoma tangazo, akalichukua shuka lake, akaenda kulianika dirishani. Alikuwa mfanyakazi mwema siku zote, akikatazwa, amekatazwa. Basi hakwenda mtu tena kule.

Mimi ningefanya nini? Simu hasikii, na maandishi ya simu macho yake hayayawezi. Nilimtumia salamu kwa midomo ya watu, nao ukiwatuma kwa kiziwi wanafika getini, wanapunga mkono, wanarudi kukuambia zimefika.

Halafu siku moja msichana alikuja kwangu mchana, siku ambayo si yake ya kuja. Mkwe wangu alikuwa anachambua mchele, mimi nimekaa kibarazani nanyoosha miguu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja na uso wa kuomba kitu. Sema."

Akakaa karibu yangu. "Yule babu wa kiwandani. Bosi anasema amechanganyikiwa. Kila asubuhi anakuja kusimama mbele ya kamera, anachezachezesha mdomo. Kamera yenyewe haichukui sauti. Ofisini wengine wanasema anatutukana."

"Angewatukana wangestahili."

"Shangazi, bosi anataka kumwondoa. Anasema mtu kama huyo anaweza hata kujidhuru kwenye nyaya. Nikakumbuka mlivyokuwa mnaongea. Nimekuja na video zake kwenye simu."

Nikamwita mkwe wangu aniletee miwani.

Nikamwona. Amekonda. Amevaa ovaroli ya kiwanda, imefuliwa, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na nyuma yake mistari ya sola inang'aa mpaka ukutani. Akainua uso, kidevu kikashuka, na mimi nikasikia. Nasema nilisikia kwa sababu sina neno lingine. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu aseme nami hivyo, na hakuna lililonipita.

"Anasema nini?" akauliza msichana.

"Anasema habari za asubuhi. Usiku ulikuwa salama. Kunguru wamechafua mstari wa mwisho, ameufuta. Kulikuwa na wingu, limeondoka."

"Anatoa ripoti?"

"Anasalimia. Hebu nyamaza niangalie."

Kwenye picha Kidevu alikuwa amenyamaza, anaitazama kamera. Aliipa muda ule ule ambao mtu angeutumia kujibu. Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Halafu akauliza, "Umekula?" Akangoja tena. Akasema, "Nenda ukale. Zako nitaangalia mimi." Akafunga mikono nyuma, akaigeukia mistari ya sola, akasimama pale anailinda mpaka picha ikaisha.

Nikaomba ya siku nyingine. Kunguru hawakuwepo, wingu halikuwepo, lakini mwisho ulikuwa huo huo. Umekula? Nenda ukale. Nikaomba nyingine tena, halafu nikavua miwani kwa sababu nilikuwa sioni.

Ilibidi niwaeleze. Mashine zetu hazikuzimwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Ukitaka kwenda kula, lazima jirani akubali kuziangalia zako pamoja na zake, na uzi wako ukikatika hujarudi, anayegombezwa ni yeye. Kwa hiyo kuulizwa umekula ukumbini haikuwa salamu ya njiani. Mtu alikuwa anakubebea mzigo wako. Kidevu aliniuliza hivyo kila siku ya maisha yangu ya kazi, na sikuwahi kurudi nikakuta uzi wangu umelala umekatika.

Msichana alikuwa anaitazama simu yake. "Kwa hiyo anadhani kuna mtu huku amekaa kwenye mashine siku nzima, hawezi kuinuka."

"Anamwonea huruma," nikasema. "Ni nani huyo anayeangalia?"

Akaigeuza simu kifudifudi pajani.

"Ni nani? Nataka kumjua."

"Hakuna mtu, Shangazi. Kitu kikisogea, kompyuta inahifadhi picha. Tunazifungua kukiwa na tatizo tu. Hizi zote hazikuwahi kufunguliwa mpaka juzi kulipotokea hitilafu, bosi akazikuta."

Mkwe wangu aliacha kuchambua mchele. Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa yale mengine yote. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha mwanangu, kati ya watu wanaonipenda, na mimi pia ndani ya nyumba hii sijawahi kufungua mdomo wangu kwa namna ile hata mara moja. Wajukuu wananiita mara mbili ndipo nasikia. Wanachoka, wanaendelea na mambo yao.

"Nitamwambia bosi kwamba anasalimia," msichana akasema.

"Mwambie anafanya kazi mliyompa. Na kesho unipeleke kule."

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu. Wewe lete pikipiki."

Mwanangu alipinga usiku kucha, asubuhi akanisaidia kupanda. Nilimkumbatia msichana kiunoni nikafumba macho njia nzima, na kila tuta la barabarani nililitukana kwa jina lake. Tulipofika, geti lilikuwa wazi. Nikamwambia msichana abaki pale na pikipiki yake.

Sikukijua kiwanda changu. Nilikuwa nimezoea kukisikia kabla ya kukiona, na sasa palikuwa kimya kabisa, mistari tu, mizuri, safi, hakuna alama ya mkono wa mtu. Nilitembea taratibu nikishika ukuta. Nikamwona Kidevu mwisho kabisa wa uwanja, amenipa mgongo, anafuta paneli kwa kitambaa. Kumwita kungekuwa kazi bure. Nikasimama mwanzo wa mstari wake, nikangoja ageuke.

Aligeuka kusuuza kitambaa kwenye ndoo, akaniona. Kati yetu palikuwa na umbali wa ukumbi mzima. Mtu mwingine yeyote angelazimika kupiga kelele. Mimi nilifungua mdomo wangu, nao ulikuwa mgumu, mashavu yalikuwa yamesahau, nikajitahidi kila neno nilipe nafasi yake.

"Umekula?"

Akabaki na kitambaa mkononi, maji yanachuruzika kwenye buti zake.

"Nenda ukale," nikamwambia. "Zako nitaangalia mimi."

Akakiweka kitambaa kwenye ukingo wa ndoo. Halafu akageuka kuangalia nyuma yake, aone ninaongea na nani.